Milima ya Taita: Jinsi ya kupanga likizo ya matembezi na utamaduni

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, awe ndani ya basi au garimoshi, huiona milima ya Taita ikichomoza upande wake wa kulia anapoukaribia mji wa Voi. Aghalabu huitazama kwa dakika chache, akaisifu, kisha akaisahau kwa sababu fikira zake zimekwisha kufika baharini. Hivyo ndivyo Wakenya wengi wanavyoifahamu Taita: mahali pa kupita, au pengine jina la hoteli iliyo kando ya mbuga ya Tsavo.

Ilhali milima hiyo ni hazina ya aina yake. Kijiolojia na kimaumbile, ni ncha ya kaskazini kabisa ya Tao la Mashariki, safu kongwe ya milima ambayo sehemu yake iliyobakia yote imo nchini Tanzania, kuanzia Upare na Usambara hadi Udzungwa. Mnamo misitu midogo iliyosalia Taita kuna ndege na mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Isitoshe, wenyeji wake, Wataita, wana historia ndefu ya ibada, kilimo cha matuta na mapambano ya kutetea ardhi, na sehemu kubwa ya historia hiyo bado inaonekana kwa macho ya anayetembea kwa miguu.

Jambo la kwanza ambalo anayepanga likizo huko anapaswa kulielewa ni kwamba matembezi na utamaduni katika milima hii si shughuli mbili za kugawanyiwa siku mbalimbali. Njia ya kwenda msituni ndiyo hiyo hiyo ya kwenda kwa wahenga. Baadhi ya misitu iliyopona ilipona kwa kuwa wazee waliiharamisha kwa misingi ya imani, na asiyelielewa hilo ataona miti tu. Kwa hivyo mipango ya safari haina budi kuanza kwa kutafuta mtu wa kijijini wa kumwongoza mgeni. Mambo ya hoteli na gari yafuate baadaye.

Wakati wa kwenda

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli huanza mwishoni mwa Oktoba zikaendelea hadi Desemba. Katika vipindi hivyo njia za udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na magari madogo hushindwa kupanda baadhi ya vilima. Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi. Anayetaka kuuona mlima Kilimanjaro kutoka kilele cha Vuria na achague miezi hiyo, tena awe kileleni mapema asubuhi kabla ya mawingu kujikusanya.

Kati ya Juni na Septemba kuna baridi na ukungu mzito. Wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto wakati wa likizo ya Agosti wasikatishwe tamaa na hali hiyo, lakini wabebe sweta na makoti ya mvua. Wengi hudanganyika kwa joto la Voi, mji ulio takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, wakadhani kwamba Taita yote ni hivyo. Wundanyi iko takriban mita 1,400, na usiku wa Julai mtu huomba blanketi la pili.

Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyepita Kasigau mwaka 1847 na Bura mwaka 1848 akielekea Uchagani, husimuliwa kwamba silaha yake kubwa ilikuwa mwavuli. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, aliyeijua njia hiyo kabla Mzungu yeyote hajaiota. Vyombo hivyo viwili, mwavuli na mwenyeji anayeijua njia, vingali ndivyo vinavyomfaa mgeni wa Taita kuliko vifaa vingi vya bei ghali vinavyouzwa madukani Nairobi. La kuongeza ni viatu vyenye soli ya kushika ardhi, chupa ya maji, kofia, na dawa ya mbu kwa siku za kulala nyanda za chini.

Kupanda hadi Wundanyi

Voi ni kama kilomita 330 kutoka Nairobi na kama 150 kutoka Mombasa. Tangu reli ya kisasa ilipofunguliwa mwaka 2017, njia rahisi ni treni inayosimama katika vituo vya kati. Ile ya moja kwa moja haimfai anayeshukia Voi. Tiketi za wikendi ndefu na za siku za kufungwa kwa shule huisha upesi, hivyo zikatwe mapema. Kituo cha reli hiyo hakiko katikati ya mji, na atakayeshuka atahitaji bodaboda au teksi kufika steji ya matatu.

Kutoka Voi, barabara ya Taveta inakwenda hadi Mwatate, mwendo wa kilomita 25 hivi. Hapo ndipo matatu inapokata kona kuelekea Wundanyi na kuanza kupanda. Kilomita 15 zinazofuata zinatosha kumlipa msafiri nusu ya nauli yake. Mkonge na vichaka vikavu vinabaki chini, hewa inabadilika, na ghafla kila upande kuna migomba, mahindi, mboga na mifereji ya maji iliyopitishwa juu ya matuta kwa ustadi wa miaka mingi. Anayeumwa na kichefuchefu garini aketi mbele.

Wundanyi ni mji mdogo wenye nyumba za wageni za kadiri, soko, benki na maduka. Si mahali pa anasa. Familia inayotaka bwawa la kuogelea na huduma za mbugani itazipata kule chini, upande wa Mwatate na Bura, lakini kulala huko na kupanda milimani kila asubuhi kunapoteza saa nyingi na kumnyima mgeni nafasi ya kuzungumza na wenyeji jioni. Ni heri kulala Wundanyi au katika nyumba ya mwenyeji anayepokea wageni. Huko mgeni hupata nafasi ya kuonja kimanga, chakula cha maharagwe na mihogo au viazi vitamu vilivyopondwa pamoja, ambacho ni nadra kukikuta katika menyu za hoteli kubwa.

Siku ya kwanza itumiwe kupumzisha miguu na kutafuta mwongozaji. Wapo vijana katika vikundi vya jamii vinavyohifadhi misitu, na ofisi ya Huduma ya Misitu humwelekeza mgeni kwao, pamoja na kumweleza ada za kuingia msituni. Bei ya mwongozaji iafikiwane kabla ya kuondoka, ikijumuisha chakula chake cha mchana na nauli ya kumrudisha. Ugomvi mwingi kati ya wageni na waongozaji hutokana na mambo haya madogo ambayo kila upande ulidhani mwenzake ameyaelewa.

Jioni hiyo, wenye nguvu wanaweza kupanda mwamba wa Wesu, ulio juu ya mji. Ni matembezi mafupi ya kumfunza mgeni jinsi mapafu yake yanavyofanya kazi mlimani, na jua likiwa linazama, nyanda za Tsavo huonekana zikinyooka hadi upeo wa macho.

Misitu ya fighi

Ngangao, karibu na Werugha na kama kilomita 10 kutoka Wundanyi, ndio msitu unaofaa zaidi kwa matembezi ya siku moja. Ukubwa wake ni kama hekta 120 tu. Mwenye shamba kubwa la ng'ombe katika Bonde la Ufa angeucheka. Hata hivyo, ndani ya hekta hizo chache kuna viumbe ambao wataalamu huvuka bahari kuja kuwatazama. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti mjini Wundanyi kwa ajili ya milima hii.

Wawili kati ya viumbe hao ni ndege. Mmoja, ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri, ana kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo mwekundu wa kung'aa, na hupekua majani makavu ardhini akitafuta wadudu. Mwingine, Apalis fuscigularis, ni mdogo wa rangi ya kijivu mwenye mkia mrefu, na yumo katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Hakuna awezaye kuahidi kwamba mgeni atawaona. Anayetembea polepole, kimya, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ana nafasi nzuri. Kundi la watu ishirini wenye redio halina.

Mbololo, msitu mkubwa zaidi, unakaribia hekta 200 na uko kwenye mgongo wa mlima uliojitenga. Huko humea ua dogo la zambarau, Streptocarpus teitensis, la ukoo mmoja na yale yanayopandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya. Kuufikia ni kazi zaidi kuliko Ngangao, na wasio na mazoezi wasianzie huko. Chawia, upande wa kusini, ni mdogo zaidi, nao una vijipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba pande zote.

Kwa nini vipande vimebaki vidogo namna hii? Watafiti wanakadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa asili wa Taita imetoweka. Ni rahisi kumlaumu mkulima mwenye panga, na wageni wengi huanza kwa lawama hiyo. Lakini historia ina maelezo marefu zaidi. Enzi ya ukoloni, ardhi ya nyanda za chini ilitwaliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya mkonge. Mwaka 1939 Wataita walianzisha chama chao, Taita Hills Association, kupinga unyang'anyi huo, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, viongozi wake wakatiwa kizuizini. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatangazwa, na leo zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta imo mbugani. Watu waliokuwa wakitumia mlima na tambarare kwa pamoja wakabanwa juu. Baadaye serikali ilipanda misonobari na mikaratusi mahali pa miti ya asili, na mgeni ataiona mistari yake iliyonyooka kandokando ya Ngangao.

Kilichobaki kimebaki, kwa sehemu, kwa sababu ya fighi. Hili ni neno la Kitaita la msitu mtakatifu uliowekewa kinga. Kila mtaa wa wahenga ulikuwa na fighi yake, na iliaminika kwamba kinga hiyo iliwazuia maadui na maradhi kuingia katika nchi. Kukata mti humo kulikuwa kosa lililowahusu watu wote, na walinzi wake walikuwa wazee waliokabidhiwa siri zake. Baadhi ya vichaka hivi ni vidogo kiasi kwamba gari hupita bila abiria kutambua. Mwongozaji mzuri huvionyesha kwa mbali, akaeleza ni vipi vinavyoingilika na ni vipi visivyoingilika.

Baina ya Wataita wenyewe hakuna kauli moja kuhusu mambo haya. Wapo Wakristo wanaoyaona kuwa ushirikina uliopitwa na wakati, na wapo Wakristo vilevile wasiothubutu kuvunja hata kijiti ndani ya fighi. Mgeni asikilize pande zote wala asijifanye mwamuzi.

Mapango ya wahenga

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote. Kabla ya Ukristo kuenea, Wataita wa Dawida walikuwa na desturi ya kufukua mabaki ya wazee waliostahiwa, muda fulani baada ya maziko, na kulihamisha fuvu hadi kwenye pango la ukoo. Mafuvu yalipangwa safu kwa safu chini ya mwamba. Wakati wa ukame au maradhi, wazee walikwenda pale kuzungumza na wahenga wao, wakachinja mnyama na kuwapa kinywaji.

Dini hiyo ya jadi iliitwa wutasi. Tendo lake kuu, kutasa, lilikuwa kupuliza pombe au maji ya muwa kutoka kinywani huku mtu akitamka maneno ya heri, kwa maana kwamba hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iliyosababisha maradhi katika nyumba na kwamba ni lazima itolewe. Mwanaanthropolojia Grace Harris alikiandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1978. Katika milima hii, baadhi ya wakongwe wangali wanaweza kulieleza kwa ufupi zaidi, tena wakiwa wameketi mbele ya nyumba zao.

Mapango kadhaa bado yana mafuvu. Si makumbusho. Kila moja lina ukoo wake, na walio mle ndani ni babu na nyanya za watu wanaouza mboga sokoni Wundanyi. Kwa hivyo mgeni asiende peke yake, hata akielekezwa njia na mtoto aliyekutana naye. Amwambie mwongozaji mapema, ikiwezekana siku moja kabla, ili idhini iombwe kwa mzee wa ukoo. Ada ndogo au zawadi hutolewa, na kiasi chake huelezwa na mwongozaji. Fuvu haliguswi, halisogezwi ili picha ipendeze, na kamera haitolewi mfukoni mpaka mwenyeji aruhusu. Jibu likiwa hapana, basi liwe hapana. Mzee anayemkatalia mgeni ana haki hiyo, na mara nyingi humpa badala yake masimulizi yenye thamani kuliko picha.

Wazazi wawaeleze watoto kabla ya kufika. Mtoto aliyeambiwa kwamba anakwenda kuwasalimu wazee wa watu huingia kwa adabu. Yule aliyeahidiwa pango la kutisha huingia akipiga kelele.

Kutoka hapo, kilele cha Vuria chenye urefu wa mita 2,208, kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, ni hitimisho jema la siku ya tatu. Si kigumu. Ipo barabara mbovu inayohudumia milingoti ya mawasiliano iliyo juu, na wasioweza kupanda kwa miguu hupelekwa kwa gari hadi karibu na kilele. Milingoti yenyewe haipendezi, lakini ukiipa mgongo utaona Tsavo, Kasigau na, siku ikiwa njema, theluji ya Kilimanjaro.

Kasigau kwa wenye siku zaidi

Mwenye siku mbili za ziada na aende Kasigau, mlima uliosimama peke yake katika nyika kusini-mashariki mwa Voi. Hufikiwa kwa barabara ya murram kutoka Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Vijiji vitano vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi na Bungule, na wenyeji walijenga mabanda ya wageni wanayoyaendesha wenyewe. Mlima una mita 1,641. Kupanda na kushuka huchukua sehemu kubwa ya siku kwa mtu wa kawaida, na mwongozaji ni wa lazima kwa kuwa njia hupotea ndani ya msitu wa juu.

Akina mama wa Kasigau husuka vikapu vya mkonge ambavyo hununuliwa hadi ng'ambo. Kununua kwa aliyekisuka mwenyewe, pale pale kijijini, ndiyo njia ya hakika ya kumfikishia pesa yake.

Mlima huo una kisa ambacho hakimo katika mabango ya utalii. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1915, Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani waliovuka mpaka. Walihamishwa wote kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko kabla ya waliosalia kuruhusiwa kurudi miaka mingi baadaye. Desemba mwaka huo huo Wajerumani waliuteka mlima wenyewe ukiwa hauna wenyewe. Wageni wanaokwenda Taveta kutazama makaburi ya askari na uwanja wa vita wa Salaita, palipopiganwa Februari 1916, hupewa majina ya majenerali. Kisa cha Wakasigau kinapatikana kwa kuuliza wazee wa Rukanga au Bungule, kwa upole, na baada ya kujitambulisha.

Tahadhari moja ni ya nyanda zote za chini, Kasigau na Sagalla pia: ndovu hupita. Sagalla wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwafukuza, na asali yake huuzwa. Hakuna kutembea usiku wala alfajiri bila mwenyeji, hata kama kibanda cha choo kiko hatua chache tu.

Kurudi, matatu za Maungu ni chache na huondoka asubuhi. Mgeni amwombe mwenye banda ampigie dereva simu usiku uliotangulia, na atakayepanda treni Voi asipange kuipata siku hiyo hiyo aliyoshuka kutoka kileleni.